Mchezeshaji hapimwi kwa futi

Usiku wa Juni 25, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, kijana wa Dar es Salaam alipanda jukwaani na kupeana mkono na David Stern, kamishna wa NBA wakati huo. Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, alikuwa ameitwa wa pili kati ya vijana 60, na Memphis Grizzlies ndiyo iliyomtaka. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Baada ya Thabeet yakaitwa majina mengine manne. La saba lilikuwa la kijana mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson, North Carolina. Golden State Warriors wakamchukua Stephen Curry. Ukumbini mashabiki wa New York Knicks waliguna, maana timu yao ilikuwa inachagua ya nane na walishaanza kuamini dogo angewafikia.

Kilichofuata kinajulikana hata na watu wasioangalia kikapu. Curry ana mataji manne ya NBA na amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Desemba 2021, katika ukumbi uleule wa Madison Square Garden, aliivunja rekodi ya Ray Allen ya mitupo ya pointi tatu.

Sasa swali la kijiweni: waliompita walikuwa wanaangalia nini? Minnesota Timberwolves walikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya tano na ya sita. Zote wakazitumia kwa wachezeshaji, na wote wawili hawakuwa Curry. Yaani walijua kabisa wanahitaji mtu wa kuchezesha timu, wakaingia sokoni na hela mkononi, wakatoka bila yule bora zaidi aliyekuwepo.

Jibu rahisi ni kusema hawajui mpira. Jibu la kweli ni kwamba walikuwa na rula nzuri, ila walipimia kitu ambacho rula haikipimi. Kosa hilo linarudiwa kila mwaka inapokaribia Juni, na linaihusu Afrika Mashariki kuliko watu wanavyodhani.

KIKAPU, NAMBA MOJA SI KIPA

Kwa shabiki wa soka aliyezoea dirisha la usajili, mambo mawili yanahitaji kuwekwa sawa.

La kwanza ni drafti yenyewe. Siyo ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Drafti ya NBA ni siku mbili ambazo timu 30 zinagawana chipukizi wapya, raundi mbili, mchezaji mmoja mmoja. Timu zilizofanya vibaya zinapata nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Chukua timu zilizoburuza mkia Ligi Kuu, badala ya kushushwa daraja zinaambiwa ziwe za kwanza kuchagua kinda bora nchini. Kinda naye hachagui timu, akiitwa anakwenda.

La pili ni namba. Kwenye soka namba moja ni kipa. Kwenye kikapu namba moja ni pointi gadi, mchezeshaji. Ndiye anayeupandisha mpira, anaita mpango wa kushambulia, anaamua nani aguse, lini na wapi. Ni kiungo namba nane na namba kumi ndani ya mtu mmoja. Mashabiki wa Msimbazi na Jangwani waliowaona Clatous Chama na Haruna Niyonzima wanaelewa aina hiyo ya mchezaji. Hakuna aliyewahi kulipa kiingilio kwenda kuangalia mbio au kimo chao. Watu walikwenda kuona mpira ukipita mahali ambapo wengine wote uwanjani hawakuona njia.

Namba hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuipima kabla ya drafti. Mrefu wa kuzuia chini ya kikapu anaonekana akiingia tu mlangoni. Mchezeshaji anaonekana pale tu mchezo unapomlazimisha kuamua.

RULA YA CHICAGO

Kila mwaka kabla ya drafti, chipukizi wanaitwa Chicago kwa vipimo. Wanapimwa urefu bila viatu, urefu wa mikono ikinyooshwa toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kimo cha kuruka, mbio fupi na wepesi wa kugeuka. Wanapitia madaktari na wanahojiwa na timu. Siyo upuuzi hata kidogo. Mchezeshaji mfupi kwenye NBA anawindwa: timu pinzani inahakikisha yeye ndiye anayebaki kumkaba mtu mkubwa, halafu mpira unapelekwa hapohapo kila mara. Anayesema urefu hauna maana kwenye kikapu hajawahi kumkaba mtu anayemzidi kichwa kizima.

Tatizo linaanza pale vipimo vinapogeuka hukumu. Curry alikuwa na takribani futi 6 na inchi 3, urefu wa kawaida kwa nafasi yake, lakini mwili ulikuwa mwembamba na kuruka kwake hakukumshangaza mtu. Wasiwasi ukazidi pale watu walipouliza kama ni mchezeshaji kweli au ni mtupaji tu aliyejificha kwenye mwili wa mchezeshaji. Hata miaka mitatu kabla, akiwa anamaliza sekondari, vyuo vikubwa havikumtaka, licha ya kuwa baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16. Ndiyo maana akaangukia Davidson.

Lakini majibu ya maswali yale yalikuwa yameshachezwa uwanjani, hadharani, mbele ya kila skauti aliyekuwa na tiketi.

Msimu wa 2007/08 Davidson walikuwa na mchezeshaji mwingine, Jason Richards, kinara wa asisti wa vyuo vyote Marekani. Curry alikuwa akikimbia pembeni bila mpira na kusubiri kutupa. Timu ilifika robo fainali ya taifa. Richards alipomaliza chuo, Curry akakabidhiwa mpira. Msimu uliofuata aliongoza vyuo vyote kwa kufunga, wastani wa pointi 28.6 kwa mechi, na asisti zake zikapanda hadi 5.6. Watu wengi walisoma namba ya kwanza wakaishia hapo. Habari ya namba moja ilikuwa kwenye ile ya pili. Kijana alipewa kazi mpya, akajifunza ndani ya msimu mmoja, na kufunga hakukushuka.

MECHI YA SIFURI

Kuna mechi moja ya msimu huo ambayo ingetosha kuwa mtihani mzima.

Novemba 2008, Davidson walicheza na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola aliamua Curry asifunge, iwe iwavyo. Akampangia watu wawili, dakika zote, hata pale ambapo mpira ulikuwa upande mwingine wa uwanja. Wawili kwa mmoja, mchezo mzima.

Kijana aliyekuwa anaongoza nchi kwa kufunga angeweza kupaniki. Angeweza kulazimisha mitupo ili kulinda wastani wake, huku akijua maskauti wapo. Curry alikwenda kusimama kwenye kona, wale wawili wakamfuata, akawaacha wenzake wanne wacheze dhidi ya watatu waliobaki. Alitupa mara tatu tu. Alimaliza na pointi sifuri. Davidson walishinda 78-48.

Kwenye karatasi ya takwimu usiku ule ni aibu. Kwa mtu anayetafuta mchezeshaji, ule ndiyo ushahidi mzito kuliko mechi yoyote ya pointi 40. Mchezeshaji ni mtu anayejua mpinzani amelipa bei gani kumzuia, halafu anakwenda kuichukua bei hiyo sehemu nyingine. Messi akivuta mabeki watatu, kazi inayobaki ni ya aliyeachwa peke yake. Tofauti ni kwamba kijana wa miaka 20 aliukubali ukweli huo mapema, bila kununa, na timu yake ikashinda kwa pointi 30.

MINNESOTA NA WACHEZESHAJI WAWILI

Turudi kwa Timberwolves, kwa sababu kosa lao lina somo zaidi ya kumkosa Curry.

Nafasi ya tano walimchukua Ricky Rubio wa Hispania. Huyu alikuwa maajabu: alicheza ligi kuu ya Hispania akiwa na miaka 14, na akiwa na 17 alicheza fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008 dhidi ya Marekani. Macho ya pasi alizaliwa nayo. Alichokuwa hana ni mtupo wa uhakika. Na hilo kwa namba moja ni jambo zito, kwa sababu mkabaji anayejua hutatupa anarudi nyuma hatua mbili, anaziba njia zote za pasi. Pasi nzuri inaanza na hofu ya mtupo. Zaidi ya hapo, Rubio hakwenda Marekani mwaka ule, alibaki Hispania na kutua Minnesota mwaka 2011. Alikuwa na maisha mazuri ya mpira, na mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia Hispania ilipotwaa ubingwa.

Nafasi ya sita akaenda Jonny Flynn wa Syracuse. Miezi mitatu kabla, Machi 2009, Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70 kwenye mechi iliyokwenda muda wa nyongeza mara sita, Syracuse wakiwafunga Connecticut 127-117. Upande wa pili wa mechi ile, chini ya kikapu cha Connecticut, alikuwepo Thabeet. Nchi nzima ilimpenda Flynn. Alikuwa na mbio, anaruka, anatabasamu, hachoki.

Msimu wake wa kwanza alianza mechi 81 na kufunga wastani wa pointi 13.5. Si mbaya kwa kinda. Lakini Minnesota, baada ya kuchukua wachezeshaji, walimwajiri kocha Kurt Rambis, muumini wa mfumo wa pembetatu. Mfumo huo unautoa mpira mikononi mwa namba moja na kuuzungusha kwa kila mtu. Kwa hiyo walisajili madereva wawili, halafu wakanunua treni inayokwenda kwenye reli. Kiangazi cha 2010 Flynn alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Wepesi uliokuwa silaha yake haukurudi, na kufikia 2012 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha.

Hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Mchezeshaji anayetegemea miguu peke yake ana kikomo kinachoweza kufika kesho asubuhi. Na kumpima mchezeshaji bila kuujua mfumo anaokwenda kuuchezesha ni nusu ya kazi.

ALIYEFICHWA NA KIKOSI

Kuna kundi la tatu, na hili ndilo linalowaumiza wengi: wanaofichwa na wenzao.

Jrue Holiday alitoka UCLA na wastani wa pointi 8.5 tu kwa mechi. Namba hiyo haimvutii mtu. Sababu ni kwamba UCLA walikuwa na mchezeshaji mwandamizi, Darren Collison, na Holiday akapangwa pembeni kufanya kazi chafu ya kukaba. Timu zilisoma 8.5, zikapita moja baada ya nyingine. Philadelphia walimchukua nafasi ya 17. Leo Holiday ana mataji mawili ya NBA, Milwaukee mwaka 2021 na Boston mwaka 2024, pamoja na dhahabu mbili za Olimpiki.

Hata baada ya Holiday wachezeshaji hawakuisha. Kuanzia nafasi ya 18 hadi ya 21 walikwenda wanne mfululizo: Ty Lawson, Jeff Teague, Eric Maynor na Collison mwenyewe. Patrick Beverley aliitwa wa 42, akazunguka Ugiriki na Urusi kabla ya kupata nafasi Houston mwaka 2013, na akawa mkabaji ambaye kila namba moja alimchukia. Patty Mills wa Australia aliitwa wa 55, akabeba ubingwa na San Antonio mwaka 2014.

Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba kuchambua mechi iliyokwisha ni kazi rahisi. Blake Griffin, aliyeitwa wa kwanza, alikuwa staa kweli. James Harden, wa tatu, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Tyreke Evans, wa nne, ndiye aliyekuwa kinda bora wa msimu, na kwa mwaka mzima Sacramento walionekana wajanja kuliko Golden State. Curry mwenyewe aliumia kifundo cha mguu mara kwa mara, msimu wa 2011/12 akacheza mechi 26 tu. Mwaka 2012 watu wengi wangesema nafasi ya saba ilikuwa juu mno kwake. Hakuna skauti anayeona miaka kumi mbele.

Ila kuna maswali ambayo skauti anaweza kuyauliza leo bila kuwa mganga. Watu wawili wakimkaba, mpira unakwenda wapi, na unafika kwa wakati? Mkabaji akimwachia nafasi, anamwadhibu? Alikuwa anacheza na nani, na alipewa kazi gani? Mwaka huu anafanya kitu gani ambacho mwaka jana hakukiweza? Mwenzake akikosa kikapu cha wazi, shambulizi linalofuata anampa tena au anamnyima? Hakuna hata moja linalohitaji rula. Yote yanahitaji mtu wa kukaa na kuangalia mechi nyingi, zikiwemo zile alizofunga sifuri.

RULA IKIFIKA AFRIKA

Na hapa ndipo jina la Thabeet linaporudi mezani. Yeye hakuwa mchezeshaji, lakini rula iliyompandisha hadi nafasi ya pili ndiyo hiyohiyo iliyomshusha Curry hadi ya saba.

Thabeet hakubebwa. Alikuwa mchezaji bora wa Big East mwaka ule, tuzo aliyogawana na DeJuan Blair, na alikuwa miongoni mwa wazuiaji bora wa mitupo vyuoni. Lakini alikuwa ameanza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na alitupwa kwenye ligi ngumu kuliko zote duniani huku watu wakitarajia futi zake zifanye kazi ya miaka ya mazoezi ambayo hakuipata. Memphis wenyewe walimpeleka ligi ya chini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha. Lawama za usiku ule zimemwangukia yeye kwa miaka mingi. Zilipaswa kuanzia kwa waliokuwa wameshika rula. Heshima yake ya kuwa Mtanzania wa kwanza NBA iko palepale.

Angalia sasa orodha ya Waafrika waliovuma NBA: Hakeem Olajuwon, Manute Bol, Dikembe Mutombo, Joel Embiid. Mwaka 2025 akaja Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda, akaitwa wa kumi. Wote ni warefu wa kutisha, wote ni watu wa chini ya kikapu. Skauti akitua Afrika anatafuta kichwa kinachogusa mlango. Dogo wa futi 6 anayechezesha timu yake vizuri kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam, Kampala au Nairobi anaambiwa ana bahati mbaya, angekuwa mrefu.

Gharama yake ilionekana Julai 2024 jijini London. Sudan Kusini, nchi changa kuliko zote duniani, ilicheza mechi ya kirafiki na Marekani ya LeBron James na kufungwa kwa pointi moja tu, 101-100. Injini ya kikosi kile cha warefu ilikuwa Carlik Jones: pointi 15, asisti 11, ribaundi 11. Jones ni mzaliwa wa Cincinnati, Marekani, aliyepewa uraia wa kuichezea Sudan Kusini, na kwenye drafti ya 2021 hakuna timu iliyomwita. Warefu hawakukosekana. Mchezeshaji ilibidi atafutwe ng'ambo.

Soka lilishajifunza hili kwa maumivu. Xavi na Iniesta, wote wa mita 1.70 na ushee, waliipa Hispania Kombe la Dunia 2010 bila kumpita mtu yeyote kwa kifua. Hata hivyo, kwenye majaribio ya vijana wa soka hapa nyumbani bado yule mwenye mwili mkubwa ndiye anayeitwa kwanza, na mwenye akili ya mpira anaambiwa akale ugali arudi mwakani.

Kwa hiyo kocha wa shule mwenye mpira mmoja na watoto 20 ana kazi moja ambayo haihitaji bajeti. Amkabidhi mpira yule mfupi anayeona pasi, amwache akosee, amweke watu wawili wa kumkaba mazoezini na aangalie anaamua nini. Waandaaji wa mashindano ya vijana nao waanze kuandika asisti na mipira iliyopotea, siyo pointi peke yake. Simu ya kurekodi mechi nzima, badala ya kikapu kimoja kizuri cha kurusha mtandaoni, ni faili tosha la kumwonyesha skauti.

Juni ikifika, majina yataitwa tena New York na wazazi watalia. Miongoni mwao atakuwepo namba moja aliyepitwa kwa sababu ya inchi mbili, na timu iliyompita itamkumbuka miaka mingi. Asiwe ni mtoto wa hapa ambaye hata jina lake halikuandikwa, eti kwa sababu aliyekuja kumwangalia alishika futi mkononi, akapima, akaondoka kabla mechi haijaanza.